Jinsi Linux ilivyopata nyuzi zake: Malengo, mashindano na gharama

Na Mwandishi Wetu

MWEZI Septemba 2002, wahandisi wawili wa kampuni ya Red Hat ya Marekani, Ulrich Drepper na Ingo Molnar, walitangaza kwamba wameandika upya sehemu ya mfumo wa Linux inayoiwezesha programu moja kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja.

Kwa mujibu wa tangazo hilo, kompyuta yenye prosesa ya biti 32 iliweza kuendesha nyuzi 100,000 kwa pamoja, na kuzianzisha na kuzimaliza zote hakukuzidi sekunde mbili. Kwa kiini cha zamani cha Linux, jaribio la aina hiyo lilikadiriwa kuchukua takriban dakika 15.

Tofauti hiyo haikuletwa na mashine yenye nguvu zaidi. Ililetwa na malengo ambayo wahandisi hao walijiwekea, na hasa na uamuzi mmoja uliokwenda kinyume na mawazo yaliyokuwa yametawala fani hiyo kwa takriban miaka kumi.

Huenda msomaji akajiuliza habari hizi za miaka ya 2002 na 2003 zinamhusu nini. Simu nyingi za kisasa zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zinatumia Android, na ndani ya Android kuna kiini cha Linux. Kila wimbo unaosikika huku ukurasa wa intaneti ukiendelea kufunguka ni kazi ya nyuzi hizo.

Ili kuelewa kilichobishaniwa, ni vema kuanza na nyuzi zenyewe.

Mfumo endeshi wa kompyuta huipa kila programu inayofunguliwa nyumba yake. Nyumba hiyo, ambayo wataalamu huiita mchakato, ina kuta: ina kumbukumbu yake, mafaili yake na namba yake ya utambulisho. Mchakato mmoja hauwezi kugusa vitu vya mwingine bila idhini ya mfumo.

Uzi, au thredi kama mafundi wengi wanavyosema, ni mtu anayefanya kazi ndani ya nyumba hiyo. Nyumba inaweza kuwa na mtu mmoja, inaweza pia kuwa na watu mia. Wote hutumia jiko moja na stoo moja, lakini kila mmoja ana shughuli yake mkononi na anakumbuka alipofikia.

Faida yake ni kwamba mmoja akisubiri maji yachemke, mwingine anaendelea kukata vitunguu. Aidha, kumkaribisha mtu mmoja zaidi ni rahisi kuliko kujenga nyumba nyingine. Hatari yake ni kwamba watu wawili wanaweza kupeleka mkono kwenye sufuria moja kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano wa akaunti ya benki yenye Sh50,000. Uzi wa kwanza unasoma salio hilo ili utoe Sh30,000. Kabla haujaandika salio jipya, uzi wa pili nao unasoma Sh50,000 ile ile ili utoe Sh10,000. Wa kwanza unaandika Sh20,000, kisha wa pili unaandika Sh40,000 juu yake.

Mwisho wa yote, zimetoka Sh40,000, na kitabu kinasema zimebaki Sh40,000, wakati kilipaswa kuonyesha Sh10,000. Hakuna mwizi hapa, na kila uzi umepiga hesabu yake sawasawa.

Makosa ya namna hiyo si ya kwenye vitabu tu. Agosti 14, 2003, umeme ulikatika katika eneo kubwa la kaskazini mashariki mwa Marekani na mkoa wa Ontario nchini Canada, na watu wapatao milioni 50 waliathirika.

Sababu zilikuwa kadhaa, ikiwamo nyaya kugusa miti. Hata hivyo, uchunguzi ulionyesha pia kuwa mfumo wa tahadhari katika chumba cha udhibiti cha kampuni ya FirstEnergy ya Ohio ulikuwa umenyamaza kwa sababu ya kosa la programu. Sehemu mbili zilizokuwa zikiendeshwa sambamba ziliweza kuandika kwenye kumbukumbu ile ile kwa wakati mmoja, na wasimamizi wakabaki wakiamini kuwa mambo ni shwari.

Kwa hiyo, mfumo endeshi unaotaka kubeba nyuzi unadaiwa mambo mawili yanayovutana. Unatakiwa kuzianzisha na kuzipa zamu kwa gharama ndogo, na wakati huo huo kutoa makufuli ya kuzizuia zisiingiliane, makufuli ambayo nayo yasiwe mzigo.

Kiwango cha kimataifa kinachoeleza nyuzi ziwe na tabia gani katika mifumo ya jamii ya Unix kilipitishwa mwaka 1995, kikiwa sehemu ya kiwango cha POSIX. Mwaka uliofuata, mtaalamu wa Kifaransa Xavier Leroy alitoa maktaba ya programu iliyoitwa LinuxThreads, na kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo iliyotegemewa na watumiaji wa Linux.

Ni haki kusema kuwa Leroy alifanya kazi nzuri kwa vifaa alivyovikuta. Wakati huo kiini cha Linux hakikuwa na dhana kamili ya uzi. Kilichokuwapo ni njia ya kuunda michakato inayochangia kumbukumbu, naye akaitumia hiyo hiyo.

Matokeo yake ni kwamba kila uzi ulikuwa na namba yake ya utambulisho kana kwamba ni programu kamili. Programu moja ya Java ikiendeshwa kwenye seva, msimamizi aliyeorodhesha michakato aliona makumi ya mistari inayofanana na kudhani mashine yake imevamiwa.

Tatizo halikuwa la macho tu. Kiwango cha POSIX kinataka amri ya kusimamisha mchakato iwasimamishe wote waliomo. Katika LinuxThreads, amri hiyo ilisimamisha uzi mmoja, na wengine wakaendelea na shughuli zao.

Kulikuwa pia na uzi msimamizi, ambao kazi yake ilikuwa kuzaa nyuzi nyingine na kufagia baada ya zile zilizokufa. Kila kuzaliwa na kila kifo kilipitia kwake, hivyo foleni haikukwepeka. Msimamizi huyo naye akiuawa kwa bahati mbaya, programu ilibaki yatima na kulazimu mtu aisafishe kwa mkono.

Juu ya hayo, katika prosesa za Intel za biti 32 idadi ya nyuzi haikuweza kuvuka 8,192.

Hayo yote yalikuwa na uzito wa fedha. Katika miaka hiyo programu nyingi za seva, hasa zilizoandikwa kwa Java, zilikuwa na desturi ya kutenga uzi mmoja kwa kila mteja aliyeunganishwa. Taasisi iliyotaka kuhudumia maelfu ya wateja ililazimika kununua mashine za bei kubwa za Sun au IBM pamoja na mifumo yake ya Unix. Linux ilikuwa ya bure na ilikubali kompyuta za bei nafuu, lakini hapo ndipo ilipokwama.

Kambi mbili zilijitokeza kutafuta dawa.

Ya kwanza ilikuwa ya IBM, iliyoanzisha mradi ulioitwa NGPT. Mradi huo ulifuata njia ambayo wataalamu huiita ya wengi kwa wachache. Programu inaweza kuwa na nyuzi 1,000, lakini kiini cha mfumo kinazijua nne tu, na maktaba iliyo ndani ya programu ndiyo inayoamua nani kati ya wale 1,000 apande kwenye zile nne.

Njia hiyo ilikuwa na heshima kubwa. Sun ilikuwa imeitumia katika Solaris, na mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha pendekezo mashuhuri la jinsi kiini na programu vinavyoweza kupashana habari ili mpango huo ufanye kazi vizuri.

Hoja yake ni rahisi kueleweka. Kuingia ndani ya kiini cha mfumo ni ghali, kama kwenda ofisi ya serikali kwa kila jambo dogo. Mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani.

Drepper na Molnar walichagua njia ya pili, ya moja kwa moja: kila uzi wa programu uwe na uzi wake mmoja ndani ya kiini. Kwa mtu asiye wa fani inaonekana ni njia ya kawaida mno, na kweli ni ya kawaida. Windows NT ilikuwa ikifanya hivyo tangu mwaka 1993.

Sababu yao ya kwanza ilikuwa kwamba wengi kwa wachache maana yake ni wagawa zamu wawili, mmoja ndani ya kiini na mwingine ndani ya programu, na kila mmoja haoni anachokiona mwenzake. Wahenga walisema mafahari wawili hawakai zizi moja. Kiini kinaweza kuusimamisha uzi ulioshika kufuli bila kujua kuwa mamia ya wengine wanaungoja.

Sababu ya pili ilihusu ishara, yaani zile taarifa za ghafla ambazo mfumo huutumia mchakato. Kiini kikizijua nyuzi zote, kinaipeleka ishara panapostahili. Kisipozijua, maktaba inalazimika kuzipokea na kuzigawa yenyewe, kazi ngumu iliyojaa mitego.

Ilibaki hoja ya gharama. Jibu la wahandisi hao, na kwa maoni ya mwandishi huyu hapo ndipo penye kiini cha habari yote, lilikuwa kwamba ofisi ikiwa na foleni ndefu, irekebishwe ofisi, badala ya wananchi kujenga nyingine pembeni.

Malengo waliyoyaandika yalianza na utiifu kwa kiwango cha POSIX. Mwandishi wa programu aliyeandika kwa kufuata kiwango hicho kwenye mfumo mwingine hakupaswa kubadili chochote alipohamia Linux. Lengo hilo lilionekana la kiofisi, lakini ndilo lililogharimu mabadiliko makubwa ndani ya kiini, kwa sababu sasa nyuzi zote za programu zilipaswa kutambulika kama mchakato mmoja wenye namba moja.

Lengo la pili lilikuwa kutumia ipasavyo mashine zenye prosesa zaidi ya moja. Mwaka 2002 hizo zilikuwa mashine za matajiri. Leo hata simu ya bei ya chini ina prosesa yenye viini vinne au vinane, na anayesoma lengo hilo sasa anaweza kudhani waandishi wake walikuwa watabiri.

Walitaka pia kuanzisha uzi kuwe rahisi kiasi kwamba mwandishi wa programu asiogope kuutumia hata kwa kazi ndogo, na idadi ya nyuzi isiwe na kikomo kilichowekwa na muundo wenyewe.

Hapo Molnar alilazimika kupita ndani ya kiini chumba kwa chumba. Mgawa zamu wa zamani alikuwa akikagua kila uzi uliokuwa tayari kabla ya kuchagua mmoja. Mgawa zamu mpya, ambaye Molnar alimwandika mapema mwaka 2002, alikuwa akichagua kwa muda ule ule bila kujali kama wanaosubiri ni kumi au elfu kumi. Utafutaji wa namba ya utambulisho iliyo wazi, ambao ulizidi kuwa mzito kila nyuzi zilivyoongezeka, nao uliandikwa upya. Kadhalika utaratibu wa kumaliza programu, ili kiini kisizunguke kila mahali kikitafuta nani wa kuzikwa.

Uzi msimamizi uliondolewa kabisa. Kiini chenyewe kilifundishwa kufuta alama ya uzi uliokufa na kumwamsha anayeusubiri.

Makufuli yalipata suluhisho ambalo linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa lilikuja kuigwa na mifumo mingine. Linaitwa fiuteksi, na liliwasilishwa katika mkutano wa Linux mjini Ottawa, Canada, mwaka 2002 na Hubertus Franke, Rusty Russell na Matthew Kirkwood. Franke alikuwa mtafiti wa IBM, kampuni ile ile iliyokuwa na mradi wa kambi ya kwanza.

Mtu aliyewahi kupanga nyumba yenye vyumba vingi na bafu moja ataelewa mara moja. Ukikuta bafu liko wazi, unaingia na kubana komeo, wala humwombi mwenye nyumba ruhusa. Ukikuta limefungwa, ndipo unamwambia mwenye nyumba kuwa unakwenda kulala, akuamshe likiwa wazi.

Fiuteksi ni komeo hilo. Ni namba moja ndani ya kumbukumbu ya programu. Uzi unaoikuta ikionyesha wazi unaibadili kwa hatua moja isiyogawanyika na kuendelea, na kiini hakijui kama jambo limetokea. Kiini huitwa pale tu panapokuwa na mgongano. Kwa kuwa makufuli mengi hukutwa wazi mara nyingi zaidi kuliko yamefungwa, safari nyingi za kwenda kwenye kiini zilitoweka.

Malengo mengine tunaweza kuyapita kwa haraka: mfumo ufanye kazi kwenye aina mbalimbali za prosesa, uelewe mashine kubwa ambazo kila prosesa ina kumbukumbu iliyo karibu nayo zaidi, na uelewane na lugha ya C++, ambayo hutaka uzi unaokatishwa usafishe vitu vyake kabla ya kuondoka. Lilikuwapo pia lengo kwamba programu isiyotumia nyuzi isilipishwe gharama yake, ambalo tutalirudia.

Lengo lililoleta maumivu lilikuwa la upatanifu. Programu zilizokwisha kuandikwa kwa LinuxThreads zilitakiwa kuendelea kufanya kazi bila kuandikwa upya. Kwa programu zilizofuata kiwango, hilo lilifanikiwa. Zile zilizokuwa zimezoea kasoro za zamani, kwa mfano kutegemea kuwa kila uzi una namba yake ya mchakato, zilianguka. Red Hat ililazimika kuacha mlango wa nyuma: msimamizi aliweza kuweka agizo dogo la kuifanya programu husika irudi kwenye maktaba ya zamani.

Toleo la Red Hat Linux 9, lililotoka mwishoni mwa Machi 2003, lilikuwa la kwanza kuwafikishia watu wa kawaida kazi hiyo, iliyopewa jina la NPTL. Katikati ya mwaka huo mradi wa IBM ulisitishwa. Desemba 2003 likatoka toleo la 2.6 la kiini cha Linux, likiwa na mabadiliko yote yaliyohitajika, na mwaka 2006 LinuxThreads ikaondolewa kwenye maktaba kuu ya mfumo.

Linux haikuwa peke yake. Sun, iliyokuwa mlezi wa njia ya wengi kwa wachache, ilikwisha kuiacha ilipotoa Solaris 9 mwaka 2002. FreeBSD ilihama ilipotoa toleo la 7.0 mwaka 2008, na NetBSD mwaka 2009.

Pamoja na ushindi huo, kuna maeneo ambayo njia iliyoshinda haikuyamaliza.

La kwanza ni nafasi. Kwa kawaida kila uzi katika Linux hutengewa eneo la kumbukumbu la megabaiti 8 la kuwekea hesabu zake. Katika mfumo wa biti 32, programu ina gigabaiti tatu tu za kujitanua, na ukigawa kwa nane hupati zaidi ya nyuzi 384. Zile nyuzi 100,000 za mwaka 2002 ziliwezekana kwa kupunjwa nafasi. Kompyuta za biti 64 zimepunguza tatizo hilo sana, kwa kuwa eneo linalotengwa bila kutumika halili kumbukumbu halisi.

La pili ni vyeo. Julai 4, 1997, chombo cha Marekani cha Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mars, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kuwaka upya. Kazi ya cheo cha chini, ya kupima hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli lililohitajiwa na kazi ya cheo cha juu. Kazi za cheo cha kati zikaingia, zikamzuia mdogo asimalize, na mkubwa akabaki mlangoni.

Mfumo uliotumika huko, VxWorks, ulikuwa na dawa tayari, ila haikuwa imewashwa: anayeshika kufuli aazimwe cheo cha anayemsubiri hadi amalize. Wahandisi waliiwasha wakiwa duniani. Linux haikuwa na dawa hiyo katika fiuteksi zake hadi Septemba 2006, miaka mitatu baada ya mfumo mpya kuanza kutumika.

La tatu liko mikononi mwa waandishi wa programu. Katika Android, uzi mkuu wa programu ndio unaopokea mguso wa kidole. Mwandishi akiupa kazi nzito, kama kusubiri jibu la mtandao, na mguso ukakaa sekunde tano bila kujibiwa, simu huonyesha ule ujumbe wa kuudhi kwamba programu haijibu. Watumiaji wengi huilaumu simu au kampuni ya mtandao. Mara nyingi mfumo umetoa nyuzi za kutosha, na aliyeandika programu ndiye hakuzitumia.

Na ile njia ya IBM haikuzikwa moja kwa moja. Imehamia kwenye lugha za kuandikia programu. Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, hubeba nyuzi zake nyingi nyepesi juu ya nyuzi chache za mfumo, kila moja ikianza na kilobaiti mbili tu za nafasi. Java nayo ilirasimisha utaratibu unaofanana na huo katika toleo lake la 21, Septemba 2023. Tofauti ni kwamba sasa anayegawa zamu juu anaijua lugha yake vizuri, na chini yake kuna kiini ambacho hakisuasui.

Ama lile lengo la kutozilipisha programu zisizotumia nyuzi, kwa miaka mingi lilitekelezwa kwa kuziweka nyuzi katika maktaba yake ya pembeni, iliyopakiwa kwa aliyeihitaji tu. Agosti 2021, maktaba kuu ya mfumo ilipotoka katika toleo la 2.34, uzio huo uliondolewa na nyuzi zikaingizwa ndani moja kwa moja.